Usukani wa trekta kuukuu ukiwa mzito, pampu si ya kwanza kulaumiwa

Mkungu wa mchikichi ukishakatwa, saa huanza kuhesabu. Tunda lililochubuka halisubiri: vimeng'enya vilivyomo ndani yake huanza kuvunja mafuta na kuzalisha asidi, na mawese yatakayokamuliwa siku mbili tatu baadaye hayana thamani ya yale ambayo yangekamuliwa ndani ya saa 24. Katika biashara ya kimataifa, mawese ghafi yenye asidi huru inayozidi asilimia 5 huhesabiwa kuwa ya daraja la chini.

Ndiyo maana katika mashamba ya michikichi ya bonde la mto Congo, trekta na tela lake vina uzito sawa na kinu chenyewe. Trekta likisimama, mikungu inabaki chini ya miti. Na miongoni mwa mambo yanayosimamisha trekta la zamani, lipo moja ambalo halianzi kwa kishindo: usukani unaozidi kuwa mzito siku baada ya siku, hadi dereva anasimama kwa miguu yote miwili ili aweze kukata kona.

Barumbu, katika wilaya ya Basoko mkoani Tshopo, ni jina lenye historia ndefu katika biashara hiyo. Mkataba wa Aprili 1911 kati ya serikali ya Ubelgiji na kampuni ya Lever ya Uingereza ulitoa maeneo matano ya duara yenye nusu kipenyo cha kilomita 60 kwa ajili ya michikichi, na Barumbu ilikuwa kitovu cha mojawapo. Kituo chake kikaitwa Elisabetha, kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji, na leo kinajulikana kama Lokutu. Unilever, mrithi wa Lever, iliuza mashamba hayo kwa kampuni ya Feronia mwaka 2009. Wamiliki wamebadilika, lakini mchikichi ungali pale, na kinachobadilika polepole zaidi ni umbali.

Umbali huo ndio unaofanya kosa la fundi kuwa ghali. Kati ya Kinshasa na Kisangani kuna zaidi ya kilomita 1,700 za mto, na kipuri kilichoshushwa bandarini Matadi lazima kwanza kipande hadi Kinshasa kabla ya kuanza safari hiyo. Njia nyingine ni kutoka Mombasa kupitia Kampala, kuingia Congo upande wa mashariki, kisha kufuata barabara ya taifa namba 4 kupitia Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende hadi Kisangani, na kutoka hapo kuteremka mto kwa boti. Mtu akiagiza pampu ya usukani, ikafika baada ya wiki kadhaa, ikafungwa, na usukani ukabaki mzito vilevile, hasara si bei ya pampu pekee. Ni msimu.

Na hilo hutokea. Usukani ukisumbua, lawama ya kwanza huangukia pampu, pengine kwa sababu ndiyo sehemu inayoonekana na inayoweza kununuliwa. Lakini pampu ni mmoja tu kati ya watuhumiwa wengi, na mara nyingi walio wepesi kuchunguza hawagharimu chochote.

Pampu isiyo na mkanda

Usukani unaosaidiwa na haidroliki, maarufu kama pawa stiringi, una sehemu nne kubwa. Kuna tanki la oili, kuna pampu inayozungushwa na injini, kuna valvu inayoamua oili iende upande gani, na kuna silinda yenye pistoni inayosukuma magurudumu ya mbele. Zilizobaki ni mipira na mabomba ya kuunganisha.

Katika matrekta yaliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1960, kama Massey Ferguson 165 na Ford 5000, haidroliki ilikuja kusaidia usukani wa chuma uliokuwapo tayari. Fimbo na boksi la usukani vimeungana na magurudumu, hivyo oili ikikosekana trekta bado linageuka, ila kwa jasho. Katika modeli za baadaye, kama Massey Ferguson 385, hakuna tena fimbo kati ya usukani na magurudumu. Dereva anageuza kifaa kidogo chini ya usukani, ambacho mafundi hukiita orbitroli, nacho hupima oili na kuipeleka kwenye silinda. Pampu ikifa, orbitroli yenyewe hugeuka kuwa pampu ya mkono. Inafanya kazi, lakini mwendo wa kilomita moja unatosha kumchosha mtu mwenye misuli.

Hapa pana jambo linalowapoteza mafundi waliojifunzia kwenye magari madogo. Wakisikia usukani mzito hutafuta mkanda uliolegea. Kwenye matrekta mengi ya Massey Ferguson na Ford ya kizazi hicho hakuna mkanda wa pampu ya usukani. Pampu inazungushwa na gia za injini, na tanki lake dogo limebebwa na pampu yenyewe. Mkanda uliolegea ni hitilafu ya kweli kwenye matrekta yenye mkanda. Kwenye yale mengine, kuutafuta ni kupoteza asubuhi.

Anza chini, kwenye matairi

Fundi mwenye busara haanzi kwa kufungua kifuniko chochote. Anaanza kwa kutazama matairi ya mbele. Tairi lenye upepo mdogo hulalia ardhi kwa eneo kubwa na kukataa kugeuka. Tairi pana kuliko lile la kiwandani, lililofungwa kwa sababu ndilo lililopatikana, hufanya hivyo hivyo kila siku. Hakuna pampu itakayoponya tairi.

Kisha anatazama mzigo. Tela la mikungu lililopakiwa vibaya, uzito wote ukiwa mbele juu ya ndoano ya trekta, huinua pua ya trekta. Hapo usukani hauwi mzito. Unakuwa mwepesi kupita kiasi, magurudumu ya mbele yanateleza kwenye tope na trekta linaendelea kwenda mbele huku dereva amekata kona. Dereva ataripoti kwamba usukani hauitiki, na atakuwa anasema kweli, lakini dawa yake ni kupanga mzigo upya au kuongeza uzito mbele, si spana.

Baada ya hapo ndipo jeki hutoka. Trekta linawekwa mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yanazuiwa kwa magogo, ekseli ya mbele inainuliwa na kukalishwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Ekseli ya mbele ya trekta inacheza katikati kama mizani, na trekta linaweza kulala upande. Magurudumu yakiwa hewani na injini ikiwa imezimwa, fimbo za usukani zinafunguliwa, na kila gurudumu linageuzwa kwa mkono, kulia na kushoto, moja baada ya jingine.

Kipimo hiki hakina gharama na kinasema mengi kuliko kipimo kingine chochote. Gurudumu lililotenganishwa na fimbo zake linapaswa kugeuka kwa urahisi. Likikwama, au likigeuka kwa mkwaruzo, ugonjwa uko kwenye kingpini, ile nguzo inayozunguka ndani ya bushi kila dereva anapokata kona, au kwenye beringi inayobeba uzito juu yake. Grisi imekauka, njia yake imezibwa na tope, au bushi imelika upande mmoja na nguzo imekaa mshazari. Katika trekta linalolala nje, kwenye mvua za ukanda wa ikweta, kingpini ambayo haikupata grisi kwa miezi huota kutu ndani kwa ndani. Pampu nzima kabisa inaweza kushindwa kuisukuma, na pampu iliyochoka kidogo italaumiwa kwa dhambi isiyo yake.

Mara nyingine nipeli ya grisi inapokea grisi lakini grisi haifiki inakotakiwa. Inatokea pembeni mwa nipeli na kumdanganya anayepaka. Grisi ikiingia sawasawa, ya zamani hutokeza chini ya bushi, nyeusi na yenye mchanga. Isipotokeza, njia imeziba na inapaswa kufunguliwa.

Wakati magurudumu yako hewani, fundi pia huyatikisa. Mchezo kwenye tairodi, boljointi au pini ya katikati ya ekseli hauufanyi usukani kuwa mzito, unaufanya uyumbe. Trekta linatangatanga barabarani na dereva anarekebisha kila mita chache. Watu wengi huchanganya malalamiko haya mawili, usukani mzito na usukani unaoyumba, ilhali chanzo chao mara chache huwa kimoja. Swali la kwanza kwa dereva liwe hilo: ni mzito, au una mchezo?

Bushi, kwa bahati nzuri, hazihitaji Mombasa. Mkereza vyuma mwenye mashine na kipande cha shaba nyeusi anaweza kuzitengeneza akipewa vipimo sahihi vya nguzo na vya tundu.

Oili inayopotea bila kuvuja

Ikiwa magurudumu yanageuka bila tabu yakiwa huru, basi sasa ni zamu ya haidroliki, na hapo pia safari huanza kwenye kitu rahisi: kiwango cha oili kwenye tanki. Tanki la usukani kwenye matrekta haya ni dogo, na upungufu mdogo tu unatosha kuifanya pampu inyonye hewa. Dalili zake husikika kabla ya kuonekana. Pampu inalia kama inaguna, usukani unashtukashtuka, na oili ndani ya tanki inakuwa na povu jeupe kama maziwa ya mbuzi.

Oili ya rangi ya maziwa isiyo na povu ni jambo jingine: maji yameingia. Kifuniko cha tanki kilichopotea na kubadilishwa kwa kitambaa ni mlango wa mvua, na wa vumbi pia.

Kinachowashangaza wenye matrekta ni oili inayopungua kila wiki bila tone hata moja kuonekana chini. Mipira mikavu, silinda kavu, boksi kavu. Jibu huwa kwenye kijiti cha kupimia oili ya injini. Kwa kuwa pampu imeungana na gia za injini, sili ya shafti yake ikichakaa, oili ya usukani hupita kimyakimya na kuingia ndani ya injini. Tanki la usukani linashuka huku oili ya injini ikipanda. Mwenye trekta anaongeza oili kila Jumatatu bila kujua kwamba anaichanganya na oili ya injini. Hitilafu hii huharibu zaidi ya usukani, kwa kuwa injini nayo sasa inazunguka kwenye oili isiyo yake. Lakini angalia tiba yake: sili moja ya mpira. Vipimo vyake vitatu, kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, kwa kawaida vimechapwa kwenye uso wake, na sili yenye vipimo hivyo inaweza kupatikana kwenye maduka ya beringi hata kama jina la trekta halijulikani pale. Shafti nayo ikaguliwe: ikiwa imechimbika mstari pale sili inapokaa, sili mpya haitadumu.

Oili gani iwekwe ni suala lenye ubishi mwingi gereji. Kitabu cha trekta ndicho chenye neno la mwisho, maana mifumo mingine ya zamani ilitengenezwa kwa oili nyepesi ya gia za otomatiki na mingine kwa oili ya haidroliki. Oili nzito ya injini si mbadala, na oili iliyotumika, hata ikichujwa kwa kitambaa, ni sumu: inabeba chembe za chuma ambazo pampu inazisaga kama mchanga kwenye meno. Mbaya kuliko zote ni mafuta ya breki. Chupa yake ndogo hupatikana kila mahali, hivyo kishawishi ni kikubwa, lakini kwa kawaida yametengenezwa kwa kemikali isiyopatana na mpira wa sili za haidroliki. Sili huvimba, hulainika na kukatika. Aliyeyamimina ili afike kinuni leo ameagiza sili zote za mfumo kwa kesho.

Ndani ya tanki kuna kichujio kidogo ambacho wengi hawajui kama kipo. Kikiziba, pampu hufanya kazi kwa njaa. Kukitoa na kukitazama huchukua dakika chache, na kinachopatikana humo ni kama matokeo ya maabara. Tope laini jeusi ni uchafu wa miaka. Vipande vya mpira ni mpira wa haidroliki unaobanduka kwa ndani, ambao kwa nje unaweza kuonekana mzima kabisa. Chembe zinazong'aa za rangi ya shaba ni bushi za pampu zinazolika. Hapo, kwa mara ya kwanza katika uchunguzi wote, kuna ushahidi dhidi ya pampu.

Mzito lini, mzito upande gani

Dereva anajua zaidi ya anavyodhani, na maswali machache mazuri yanaweza kuokoa siku ya kufungua vyuma.

Usukani ni mzito injini ikiwa taratibu, lakini unalainika akikanyaga mafuta? Pampu imechoka, au mkanda unateleza kwenye trekta lenye mkanda. Ni mwepesi asubuhi na mzito kuanzia saa sita mchana? Oili imekuwa nyepesi kwa joto na inapenya kwenye nafasi zilizolika ndani ya pampu au valvu. Hii ni dalili ya uchakavu wa kweli, na katika eneo lililo jirani na ikweta hujitokeza mapema kuliko kwenye nchi za baridi ambako matrekta haya yalitengenezwa.

Ni mzito upande mmoja tu? Basi pampu iachwe kwa amani. Pampu hailijui suala la kulia na kushoto. Inatoa oili ileile kwa pande zote mbili. Kinachogawa ni valvu, na kinachopokea ni silinda. Ugonjwa uko huko, au kwenye fimbo iliyopinda inayogusa kitu. Tofauti ndogo kati ya kulia na kushoto inaweza kuwa ya kawaida kwenye silinda ambayo fimbo yake inatokea upande mmoja tu, lakini tofauti ya kumfanya dereva asimame si ya kawaida.

Usukani unaendelea kugeuka polepole hata baada ya magurudumu kufika mwisho? Kwenye trekta la orbitroli, hiyo ina maana kwamba oili inapita mahali ilipopaswa kuzuiwa, ama ndani ya silinda, kwenye sili za pistoni, ama ndani ya orbitroli yenyewe. Kati ya hizo mbili, moja ni kazi ya sili za bei ndogo na nyingine ni kipuri cha bei kubwa. Kubahatisha hapa ni kucheza kamari.

Ipo njia ya kuzitenganisha. Injini inazimwa, usukani unageuzwa kidogo huku na huku ili kuondoa presha iliyobaki, kisha mipira miwili inayoingia kwenye silinda inafunguliwa na kuzibwa kwa vizibo vya chuma vyenye uzi unaolingana. Injini inawashwa ikiwa taratibu kabisa na usukani unageuzwa kwa upole. Ukigoma na kusimama imara, orbitroli ni nzima na silinda ndiyo inayopitisha. Ukiendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kitu, orbitroli imelika. Vizibo viwe vya chuma kweli. Kijiti kilichochongwa na kupigiliwa kwenye mpira wa haidroliki ni risasi inayosubiri kufyatuka.

Geji, na kishawishi cha washa

Hatua ya mwisho kabla ya kuihukumu pampu ni kuipima kwa geji ya presha, iliyofungwa kati ya pampu na valvu. Geji inayofaa haipatikani kila gereji, lakini inaazimika, na ni nyepesi kusafirisha kuliko pampu. Oili inapashwa moto kwanza kwa kufanya kazi kidogo. Kisha usukani unakatwa hadi mwisho, unashikiliwa hapo kwa sekunde chache tu, na namba inasomwa na kulinganishwa na ile ya kitabu cha modeli hiyo. Kuushikilia muda mrefu hupika oili na kuiumiza pampu ileile inayopimwa.

Presha ikiwa chini, bado pampu haijahukumiwa. Kuna valvu ndogo yenye springi, inayoachia oili irudi tanki presha inapozidi. Uchafu ukiikwamisha ikiwa wazi, oili yote inarudi tanki bila kufanya kazi, na usukani unakuwa mzito pande zote, ghafla, mara nyingi muda mfupi baada ya mtu kufungua mfumo bila kuusafisha. Kuitoa, kuiosha kwa dizeli safi na kuirudisha kunaweza kumaliza kila kitu.

Valvu hiyohiyo ina kishawishi chake. Fundi akiongeza washa chini ya springi, presha inapanda na usukani unalainika siku hiyohiyo. Mwenye trekta anafurahi na kulipa. Lakini mipira ya miaka 30, sili na mwili wa pampu havikuambiwa kuhusu mpango huo. Kinachofuata ni mpira kupasuka mahali pabaya, na mahali pabaya pa trekta lenye tela ni mteremko wa kuelekea mtoni au njia ya kupanda pantoni.

Presha hii pia si ya kuchezewa kwa mikono. Oili kwenye mpira wa usukani hufikia makumi ya mara ya upepo uliomo kwenye tairi. Ikitoka kwenye tundu dogo kama la sindano, haionekani kwa urahisi, na inapenya ngozi. Mtu huhisi kama amechomwa na mwiba, jeraha ni doa tu, na saa chache baadaye mkono umevimba na nyama imeanza kufa. Anayetafuta uvujaji atumie kipande cha kartoni au ubao, akisogeza taratibu kando ya mpira, kamwe asipitishe kiganja. Aliyepenywa apelekwe hospitali mara moja hata kama haumwi, na daktari aambiwe wazi kwamba ni oili ya haidroliki. Kutoka kijiji cha kando ya mto hadi kwenye chumba cha upasuaji ni safari, kwa hiyo kusubiri kuona kama itapona ni kuuacha mkono uende.

Na dereva anayelazimika kulirudisha trekta nyumbani bila msaada wa haidroliki aweke vidole gumba nje ya usukani, juu ya ukingo, si ndani. Kwenye matrekta ya fimbo, gurudumu likigonga kisiki usukani hurudi kwa nguvu ya kuvunja kidole.

Ikibidi kuagiza

Baada ya yote hayo, pampu inaweza kukutwa na hatia. Geji inaonesha presha ndogo, valvu ni safi, kichujio kimejaa shaba. Hapo kuagiza ni haki, na habari njema ni kwamba matrekta haya ya zamani hayajawa yatima. Kiwanda cha Millat cha Lahore, Pakistan, kimeendelea kutengeneza Massey Ferguson za muundo huo wa zamani, zikiwamo 240 na 385, na vipuri vya kuiga kutoka India, Pakistan na Uturuki vimejaa masoko ya Afrika Mashariki. Ubora wao hautabiriki; kuna vinavyodumu na kuna visivyomaliza msimu. Namba iliyochapwa kwenye pampu ya zamani, picha ya pande zake zote, idadi ya meno ya gia na mwelekeo wa kuzunguka vitumwe pamoja na oda. Pampu mbili zinaweza kufanana kwa macho na kuzunguka kinyume.

Pampu mpya hufa haraka ikifungwa kwenye mfumo mchafu. Chembe zilizoiua ya kwanza bado zimo kwenye mipira, kwenye silinda na chini ya tanki. Vyote vinaoshwa, kichujio kinabadilishwa, oili ya zamani inamwagwa yote. Kabla ya kuwasha, tanki linajazwa na pampu inazungushwa taratibu ili isianze kavu. Magurudumu yakiwa bado hewani, usukani unakatwa polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara kadhaa, oili inaongezwa kila inaposhuka, hadi povu liishe na mlio ukatike.

Jioni ya siku ya kwanza ya kazi, kiwango cha oili kinapimwa tena, kwenye tanki la usukani na kwenye injini. Baada ya siku chache za kusomba, kichujio kinafunguliwa na kutazamwa. Chembe za shaba zikionekana tena humo, pampu mpya nayo imeanza kulika, na mwenye trekta bado ana nafasi ya kuizima kabla tela halijapakiwa.